Masaa ya Kutuliza Roho

Ukimuuliza mtu yeyote wa mtaa ule ndege fulani inatua lini, hatajisumbua kukujibu. Atakuelekeza kwa Bi Masaa. Jina lake la kuzaliwa lipo kwenye kitambulisho, na huko ndiko linakokaa. Duka la tiketi alilofanyia kazi miaka ishirini na miwili lilikuwa na upana wa vitanda viwili, limebanwa kati ya fundi viatu na duka la dawa. Ukutani zilipangwa saa nne za mviringo, kila moja ikifuata saa za upande wake wa dunia. Moja ilikufa tangu mwaka juzi na hakuna aliyehangaika kuibadilisha betri, kwa sababu Bi Masaa alikuwa nazo zote kichwani.

Na alikuwa nazo kweli, hizi si sifa za bure. Mtajie viwanja viwili vya ndege, kimoja huku na kingine huko kusikofikika, naye bila kugusa kompyuta atakupa kilomita, masaa ya angani, masaa ya kukaa kwenye viti vya chuma ukisubiri ndege ya pili, na atakuonya kwamba uwanja wa katikati vyoo viko mbali, ujiandae. Yeye mwenyewe hajapanda ndege hata ya nusu saa. Wateja wakimtania anawaambia kwamba mguu wake mmoja ukiacha ardhi, wa pili utakataa kufuata.

Sasa, alikuwa na tabia moja ya kikazi ambayo hakuna aliyemfundisha. Anayesafiri alimpa saa ya kweli, dakika kwa dakika. Lakini anayesubiri nyumbani, awe baba, mke au mama mkwe, huyo alimwongezea. Saa moja kwa kila kituo cha kubadilisha ndege. Masaa mawili ya foleni ya uhamiaji na mizigo. Saa moja ya barabara. Akimwona anayesubiri ana moyo mwepesi, anambandikia na nyingine juu. Aliyaita masaa ya kutuliza roho.

Alianza baada ya kisa cha mzee mmoja, mwaka wake wa pili kazini. Mzee aliambiwa binti yake anatua saa kumi, akafika uwanjani saa tisa, ndege ikachelewa masaa matano bila maelezo, na mzee akaanguka palepale kwenye ukumbi wa kupokelea wageni. Hakufa. Ila mdomo ulibaki umepinda upande mmoja, na kwa miaka mingi alikuwa akipita mbele ya duka kwenda kununua dawa, anampungia mkono Bi Masaa kwa adabu zote, naye anarudisha mkono bila kumtazama mdomoni. Akala kiapo kwamba hakuna mtu atakayesubiri kwa hofu kwa sababu ya mdomo wake. Na watu walimpenda kwa hilo. Uliambiwa jioni, mtu wako anakugongea mlango mchana ungali umevaa kanga moja, nani atakasirika?

Basi. Mama yake Bi Masaa alikuwa amelazwa wiki ya tatu, wodi ya wanawake, ghorofa ya pili, kitanda cha dirishani. Uvimbe tumboni, alisema daktari, na lazima utolewe. Bi Masaa akawa mtu wa kwenda na kurudi: asubuhi hospitali na uji, mchana dukani, jioni hospitali na nguo safi, akirudi nyumbani anavua viatu na kukaa kitandani bila kuwasha taa, kwa sababu kuwasha taa ni kazi nyingine. Alichoka mpaka akawa anawasalimia wateja mara mbili.

Mama hakuwa mbishi, lakini safari hii alikaza shingo.

"Sikatai kupasuliwa," alimwambia daktari mbele ya binti yake. "Ila siingii humo ndani kabla sijamtia mwanangu machoni. Nikitoka, nimetoka. Nisipotoka, nitakuwa nimemwona."

Mwanawe huyo ni kitindamimba, wanamwita Kibonge. Aliondoka miaka tisa nyuma na hakurudi hata mara moja, si kwa kiburi. Alikuwa anapakia mizigo kwenye ghala la vyakula vya baridi, na kibali chake cha kuishi kule kilining'inia kwenye mkataba wa kazi hiyo. Ukikosa zamu moja bila ruhusa, mkataba umekwisha, na kibali nacho kimekwenda. Mama alimwona kwenye simu kila Jumapili, uso umejaza kioo, mara nyingine umeganda mdomo wazi, na Mama anaendelea kuuzungumzia hivyohivyo mpaka uamke.

Msimamizi wa ghala alimpa siku nne, Alhamisi hadi Jumapili. Jumatatu alfajiri awe kazini. Daktari naye akapanga upasuaji Jumamosi saa mbili asubuhi. Bi Masaa akakaa mbele ya kompyuta yake, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akatafuta tiketi ya mtu wa damu yake.

Kati ya uwanja wa kule na uwanja wa hapa kuna kilomita elfu kumi na mbili na mia nne, ukiweka rula juu ya ramani. Lakini hakuna ndege inayofuata rula. Ndege ya kwanza ingempeleka kaskazini zaidi, ya pili ingemrudisha, ya tatu ndiyo ingemleta. Masaa ishirini na saba kuja. Kurudi, kwa sababu ya masaa ya kungoja katikati, thelathini. Angetua Ijumaa saa tano na robo asubuhi na kuondoka Jumamosi saa kumi na moja jioni. Akatoa, akarudia kutoa. Yalibaki masaa thelathini kasoro robo ya kukanyaga ardhi ya nyumbani. Alishawakatia watu tiketi mbaya zaidi ya hiyo, akawatakia safari njema kwa uso mkunjufu, na hakuwahi kuuona ubaya wake mpaka siku ile. Akaibonyeza.

Alhamisi saa mbili na robo asubuhi simu ililia, hata pazia la chuma la duka hajalipandisha.

"Dada, nimeshakaa. Wanafunga mlango."

"Dirishani?"

"Katikati. Nimebanwa na mijitu miwili, mmoja ameshaanza kukoroma."

"Jikaze kisabuni, mdogo wangu. Umekula?"

"Nimetoka zamu moja kwa moja. Nitakula humu."

Mchana alikwenda kwa Mama. Muuguzi wa wodi alikuwa ndiyo kwanza anamfungua kile kitambaa cha kupimia presha, na hakufurahishwa na alichokiona. Mama hakujali presha. Alimshika binti yake kiganja.

"Anafika saa ngapi?"

"Kesho saa kumi na mbili jioni," alisema Bi Masaa.

Hakukusudia. Mdomo ulijibu wenyewe, kama ulivyowajibu maelfu dukani: vituo viwili, uhamiaji, mizigo, barabara, moja ya presha, kisha ukakamilisha mpaka saa kumi na mbili ili iwe rahisi kukumbuka. Aliposikia alichosema, alikuwa na nafasi ya kukirekebisha. Mama alikuwa palepale, mkono kiganjani. Badala yake akakipigilia msumari.

"Nitatoka kazini saa kumi, nipitie uwanjani, halafu tunakuja kwako moja kwa moja."

Ijumaa yote alikuwa ameshaiombea ruhusa. Lakini aliiona presha, akamkumbuka mzee wa mdomo uliopinda, na kubwa kuliko yote akauona uso wa Mama mlango ukifunguliwa saa saba mchana, Kibonge huyo anaingia, masaa matano kabla ya kutegemewa. Hapo ndipo ninapomkasirikia. Alijinyima usingizi, alijinyima chakula, na starehe moja tu aliyojipa ndiyo hiyo.

"Saa kumi na mbili," Mama alirudia. "Sawa. Nitakuwa nimeshaoga."

Ijumaa ukumbi wa kupokelea wageni ulikuwa umejaa. Bi Masaa alisimama karibu na kizuizi, miguu imevimba ndani ya viatu. Saa tano na dakika ishirini simu ikatetemeka. Ujumbe wa Kibonge: "Nimetua. Mwambie Mama." Aliusoma, akatabasamu peke yake, akarudisha simu kwenye mkoba.

Alitafuta mtu mnene. Wakapita wanene wawili, si yeye. Mwanamume mmoja mwembamba, kola imemlegea shingoni, macho mekundu, akasimama mbele yake na begi dogo la mgongoni, na Bi Masaa akasogea pembeni ili ampishe.

"Dada," alisema yule mwembamba.

Alimkumbatia, akahisi mbavu. Miaka tisa ya simu za Jumapili, na simu haikuwa imewaonyesha chochote chini ya kidevu.

"Wamekufanya nini, Kibonge?"

"Baridi inakula mtu. Mama kasemaje nilipotua?"

"Hajui. Tunamshtukiza."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hajalala vizuri tangu juzi. Kwenye teksi alisema atafumba macho dakika mbili tu, akasinzia begani kwa dada yake kabla ya mzunguko wa kwanza. Bi Masaa alikaa bila kujisogeza, bega limekufa ganzi, na alikuwa na furaha. Alichoka hoi, lakini alikuwa na furaha. Ilikuwa saa saba kasoro robo na mambo yote yalikuwa yamekwenda alivyoyapanga.

Kitanda cha dirishani kilikuwa kimetandikwa shuka jipya. Miwani ya Mama ilikuwa juu ya kabati, imekunjwa, na kandambili zake zilikuwa chini, zimepangwa sawasawa.

Kwanza Bi Masaa alidhani amekwenda kuoga.

"Mmemkosa kidogo tu," alisema muuguzi wa wodi, akija na faili kifuani. "Ameingia chumba cha upasuaji saa sita."

"Upasuaji ni kesho," alisema Bi Masaa.

"Ulikuwa kesho. Mgonjwa wa leo alipata homa, nafasi ikawa wazi. Daktari alikuja saa nne akamwambia, Mama, tukikuingiza leo nina hakika ya mtaalamu wa usingizi. Kesho sina hakika, huenda akaitwa kwingine. Mama akauliza, mwanangu anafika saa kumi na mbili jioni, nitakuwa nimetoka? Daktari akasema atakuwa ametoka, na kwa saa hizo pengine ameshaamka. Mama akafikiri sana. Halafu akasema, basi nipelekeni, maana mwanangu anaondoka kesho hiyohiyo. Akinikuta nimeshamaliza atakaa na mimi vizuri, na ataondoka anajua nimepona."

Kibonge alikuwa anamtazama muuguzi kama mtu anayesomewa barua ya mtu mwingine.

"Kwa nini hamkunipigia?" aliuliza Bi Masaa.

"Tulitaka. Alikataa. Alisema uko kazini mpaka saa kumi, usisumbuliwe. Ametia sahihi mwenyewe." Muuguzi alimgeukia Kibonge, akaliona begi. "Wewe ndiye mwanawe? Kumbe umewahi. Tungejua uko njiani tungempisha mwingine atangulie. Wa kupasuliwa leo walikuwa wawili. Haikuwa shida kabisa."

Alisema bila ubaya wowote, akaenda zake na faili.

Kibonge akaketi kwenye kitanda kilichotandikwa, jambo ambalo haliruhusiwi. Kisha akauliza, taratibu, sauti ya mtu anayetafuta alikopoteza ufunguo.

"Kwa nini Mama alidhani nafika jioni?"

Bi Masaa angeweza kusema ndege, angeweza kusema kompyuta. Miaka ishirini na miwili alijua visingizio vyote vya ndege, na kila kimoja kilikuwa kinaaminika.

"Mimi ndiye niliyemwambia."

"Ulikosea?"

"Sikukosea. Nilimwongezea. Huwa nawaongezea wanaosubiri, ili wasiteseke."

"Masaa mangapi?"

"Karibu saba."

Kibonge alitikisa kichwa polepole, akaegemeza mgongo ukutani. Bi Masaa alisubiri agombe. Alitamani agombe. Lakini Kibonge alikuwa na masaa ishirini na saba ya ndege juu ya zamu ya usiku mzima, na hasira nayo inahitaji mtu aliyelala.

"Nitangoja," alisema. "Akitoka nitakuwa hapa. Si wamesema jioni ataamka?"

Jioni hakuamka. Daktari alitoka saa kumi na nusu akiwa bado na kofia ya kitambaa kichwani, akawavuta pembeni ya korido. Uvimbe umetoka wote, alisema, hilo lishukuriwe. Ila alivuja damu nyingi, na moyo ulichoka. Wamemweka chumba cha wagonjwa mahututi, mashine inamsaidia kupumua, na wanamlaza kwa dawa ili mwili usihangaike. Wataanza kumwamsha Jumapili asubuhi, Mungu akipenda.

"Haiwezekani kesho?" aliuliza Kibonge. "Kesho mchana. Hata dakika tano."

"Nikimwamsha kwa ajili yako, nitakuwa namhatarisha yeye."

Kibonge akasema ameelewa. Alimshukuru daktari kwa mikono miwili.

Waliruhusiwa kuingia mmojammoja, dakika kumi, kisha kusubiri masaa mawili. Bi Masaa alimwachia ndugu yake zamu zote. Yeye alisimama nje, kwenye kioo, akamwona akivaa joho la kijani lililomzidi, akivuta kiti, akiketi. Mama alikuwa mdogo kitandani, mrija mdomoni umebandikwa kwa plasta, nywele zimefunikwa. Kibonge alikuwa anaongea. Mdomo wake ulikwenda muda wote wa dakika zile kumi bila kusimama, na Bi Masaa hakusikia hata neno, na hakuuliza baadaye alikuwa anamwambia nini.

Nyumbani Kibonge hakwenda. Kitanda alichotandikiwa hakukiona. Alilala kwenye benchi la korido, begi chini ya kichwa, na kila alipoamka aliuliza kama zamu imefika. Alikula andazi moja la kantini na chai ambayo ilipoa mkononi.

Jumamosi saa sita mchana alitoka kwenye zamu yake ya mwisho, akavua joho, akalikunja vizuri kuliko wanavyolikunja wenyewe.

"Nisipoondoka je?" alisema.

Bi Masaa alikuwa ameshaikokotoa hesabu hiyo tangu jana yake, kwa kila njia. Ndege iliyofuata ilikuwa Jumapili jioni. Ingemfikisha Jumatatu jioni ya kule, zamu imekwisha, mkataba umekwisha, na kwa wiki chache angerudishwa hapa na begi lilelile. Kusingekuwa na wa kununua dawa za Mama.

"Unajua kitakachotokea," alisema.

"Najua. Nilitaka uniambie wewe."

"Lazima tuwe njiani saa saba."

"Saa saba kamili? Au kuna zako humo ndani?"

Hakusema kwa kejeli, na hiyo ndiyo iliyomwingia. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua kama bado zimebaki dakika, arudi kwenye kioo.

"Saa saba kamili," alisema Bi Masaa.

Kibonge alirudi kwenye kioo mpaka saa saba kamili. Uwanjani, kwenye mlango ambao wasindikizaji hawavuki, alimkumbatia dada yake, akamshikilia kuliko walivyozoea kushikana.

"Dada, sikulaumu," alisema. "Ila akiamka, mwambie ukweli. Usimpunguzie wala usimwongezee."

"Nitamwambia."

Akaingia. Alionekana begi kwanza, kisha kisogo, kisha watu wengine.

Jumapili saa moja asubuhi muuguzi wa chumba cha mahututi alipiga simu: mrija umetolewa, Mama anafumbua macho, njoo. Saa mbili Bi Masaa alikuwa amevaa joho la kijani, ameketi kwenye kiti kilekile. Mama aliangalia dari kwanza, kisha mirija ya mkononi, kisha yeye. Sauti ilitoka kama mchanga.

"Saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi, Mama."

"Ya siku gani?"

"Jumapili."

Mama alifumba macho. Bi Masaa alimwona anahesabu. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Ilimchukua muda, na alipofika mwisho wa hesabu hakufumbua macho mara moja.

"Kafika?"

Hapo Bi Masaa alikuwa na uongo tayari ulimini, tena mzuri: ndege imeahirishwa, anakuja wiki ijayo. Presha isingepanda. Muuguzi angeshukuru. Aliumeza, nao ulikuwa mchungu.

"Alifika, Mama. Alitua Ijumaa saa tano na robo asubuhi. Ulikuwa bado hujaingia chumba cha upasuaji. Mimi nilikudanganya saa. Nilikuwa uwanjani nikimsubiri, sikuwa kazini."

Mama alifumbua macho.

"Saa tano," alisema.

"Na robo."

"Nilikuwa nimeketi kitandani kule wodini. Nimeshaoga." Alipumua kidogo, akalamba midomo. "Uliniambia vile unavyowaambia wale wa dukani?"

"Ndiyo, Mama."

"Hata mimi?"

Bi Masaa aliitikia kwa kichwa, na machozi yakamtoka, akayaacha yashuke kwenye joho la watu.

"Alikaa hapa?" aliuliza Mama.

"Hakutoka. Alilala kwenye benchi. Alikuwa anaingia kila walipomruhusu, anakushika mkono, anaongea na wewe."

"Aliniona."

"Alikuona sana."

"Yeye kaniona," alisema Mama. "Mimi sijamwona."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayehakikisha ameelewa vizuri, kisha akageuza uso upande wa mashine. Bi Masaa alimwomba msamaha. Aliomba kwa maneno yote aliyokuwa nayo, na Mama alisikiliza, akainua vidole viwili kutoka kwenye shuka na kuvishusha tena, ishara ambayo Bi Masaa hakujua kama ni ndiyo au ni nyamaza.

Baada ya muda Mama akauliza, "Sasa hivi yuko wapi?"

"Angani. Ndege ya pili. Anatua kituo cha pili saa tatu na nusu, anakaa hapo akisubiri ya tatu. Akitua tu atawasha simu. Muuguzi amesema anaturuhusu tuongee naye kidogo."

"Saa tatu na nusu."

"Ndiyo, Mama. Lala kidogo, nitakuamsha."

"Silali."

Alikodoa macho akiitazama saa ya ukutani. Macho yalimfumba, akayafumbua kwa nguvu, yakamfumba tena. Muuguzi, msichana mwenye kalamu mbili kwenye mfuko wa kifuani, alikuja kubadilisha chupa ya maji ya mshipa, akamwambia kwa upole kwamba anatakiwa kupumzika.

"Mwanangu," Mama alimwambia muuguzi, "una simu yenye intaneti?"

"Ninayo, Mama."

"Naomba uniangalizie. Kuna ndege mwanangu amepanda. Niambie inatua saa ngapi."

Bi Masaa alikuwa ameketi palepale, goti limegusa kitanda. Mtaa mzima ulikuwa unakuja kwake kuuliza swali hilo. Muuguzi alimtazama, hakuelewa, akamtazama tena Mama, ambaye alikuwa anamsubiri yeye.

"Namba ya ndege unaijua?" aliuliza muuguzi.

Mama hakuijua. Bi Masaa akaitaja, herufi mbili na tarakimu tatu, kwa sauti ndogo. Muuguzi akaandika kwenye simu kwa kidole gumba, akasubiri ifunguke.

"Saa tatu na nusu," alisema. "Iko kwenye muda wake."

"Ahsante, mwanangu," Mama alimwambia muuguzi, na ndipo akakubali kufumba macho.